Nimechanjwa mkanda wa jeshi, ukoo umeshaanza kunililia

Jumapili, saa nane mchana, Saint Paul, Marekani. Theluji imeyeyuka lakini baridi haina habari. Nje kuna upepo wa kuchuna ngozi, na barabara bado zina ule mchanga waliomwaga wakati wa barafu. Nimekaa kitandani nimevaa koti, naandika kwa kidole cha mkono wa kulia, ambao si mkono wangu wa kuandikia. Makosa yakiwa mengi leo, nivumiliwe.

Nina hasira. Naanza na hilo nisije nikajifanya mtu mpole.

Alhamisi nilichanjwa chanjo ya mkanda wa jeshi. Chanjo tu, sindano moja ya begani. Leo ni siku ya tatu. Nimepoteza siku mbili za kazi, nyumbani Mpwapwa ukoo mzima unaniombea, kuna kamati inataka kuiwahisha harusi ya binti yangu ili niikute nikiwa hai, na mke wangu wa ndoa ya miaka ishirini na saba hajui tena kama anayerudi mwezi wa nane ni mume wake au ni mgonjwa aliyemficha jambo.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Bega litapona.

Sikuwa na mpango wa kuchanjwa. Mimi nina miaka hamsini na mbili, nimeishia darasa la saba, na hospitali huwa nakwenda nikishindwa kusimama. Lakini kiwandani kwetu, tunakofua mashuka ya hospitali, kuna mama mmoja anaitwa Mai. Ni Mhmong, watu wa milima ya Laos kule Asia, ana miaka karibu sitini, ndiye ninayesimama naye kwenye mashine ya kupiga pasi. Majira ya baridi yaliyopita alipata mkanda wa jeshi. Vipele vilimzunguka kutoka mgongoni hadi chini ya titi, upande mmoja tu, kama mtu aliyefungwa mkanda wa moto. Alipotea zaidi ya mwezi. Aliporudi alikuwa anaivuta blauzi kwa vidole isimguse ngozi, siku nzima, huku mkono mwingine unashika shuka. Mwanamke huyo ana roho ngumu kuliko mimi, na nilimwona analia bila sauti.

Nikaogopa. Hapa niko peke yangu. Nikilala mwezi mzima, hakuna wa kuniletea uji.

Basi Alhamisi nilipotoka kazini nikapita kwenye duka la dawa lililo ndani ya supamaketi. Binti wa dawa, mdogo kuliko mwanangu, akaniuliza maswali, akanieleza polepole kwamba ukishaugua tetekuwanga utotoni, kirusi chake hakitoki mwilini. Kinalala kwenye mishipa ya fahamu. Ukizeeka, au ukichoka sana, kinaamka, na ndiyo unapata mkanda wa jeshi. Sindano ni mbili, ya pili baada ya miezi miwili au zaidi. Akasema mkono utauma, huenda nikapata homa na kutetemeka siku moja au mbili, kwa hiyo nipange nisiwe na kazi nzito kesho yake.

Nikamwambia asante. Neno hilo nalitumia nikiwa sijaelewa, na pia nikiwa nimeelewa ila sina nia ya kufuata.

Akauliza mkono gani. Nikakunja shati la kushoto bila kufikiri, kwa sababu ndio mkono unaotangulia katika kila ninachofanya. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nilikumbuka nikiwa nimeshafika kituo cha basi.

Jioni ile nilikuwa mzima kabisa. Nilijiona mjanja. Nikapiga picha ya bega na plasta yake, nikamtumia mke wangu, na chini yake nikaweka ujumbe wa sauti: "Mama Tumaini, leo nimechomwa sindano ya mkanda wa jeshi. Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi wowote."

Nimeusikiliza tena leo. Hata mimi nisingeuamini.

Mtu ambaye hakukulia kwetu anaweza asielewe kosa langu liko wapi. Huku mkanda wa jeshi ni ugonjwa wa wazee. Kwetu, miaka ile dawa hazijafika, mkanda wa jeshi ulikuwa tangazo. Ukimwona kijana amevaa shati pana wakati wa joto na anatembea ameinamia upande mmoja, watu hawakuuliza. Walikuwa wanahesabu miezi. Neno Ukimwi halikutajwa, halikuwa na haja ya kutajwa. Na mimi nimemtumia mke wangu neno hilo, pamoja na sindano, pamoja na usiwe na wasiwasi, baada ya miaka sita ya kutoonana.

Ijumaa niliamka nikitetemeka. Si kutetemeka kwa baridi, ni kule kwa malaria ambako meno yanagongana na huwezi kuyazuia. Nikameza panadoli mbili, nikavaa, nikaenda kazini. Ndiyo, nilikwenda. Nilijiambia nikifika kwenye joto la mashine nitakaa sawa.

Ile mashine inataka watu wawili. Mnashika pembe za shuka bichi, mnalinyanyua hadi usawa wa kifua, mnalilisha rola, linatokea upande wa pili limekauka. Shuka moja si zito. Yanakuwa mazito yanapokuja mfululizo, na hayaachi kuja. Mkono wangu ulifika kwenye mbavu ukagoma. Nikaunyanyua kwa mkono wa pili kama mtu anayebeba kitu kisicho chake. Mashuka matatu yakaingia yamekunjamana.

Mai akanitazama. Kiingereza chake na changu vinakutana katikati tu, lakini akaligusa bega lake mwenyewe, akainua nyusi. Nikatikisa kichwa kukubali. Akacheka mpaka akashika mashine. Halafu akazunguka, akaniondoa upande wangu kwa kiwiko, akanipa upande wake ili nifanye kazi kwa mkono wa kulia. Tukaenda hivyo mpaka saa nne, jasho linanitoka na bado nasikia baridi, msimamizi akaja akanitazama usoni akaniambia niende nyumbani, na kesho nisije.

Kiwandani kwetu siku za ugonjwa na siku za likizo zinatoka kapu moja. Nilikuwa nimezitunza zote kwa ajili ya mwezi wa nane. Sasa zimepungua mbili. Nimezipunguza kwa ubishi wangu mwenyewe, kwa sababu hata ile asubuhi niliyolazimisha hawakuihesabu.

Mchana ule nililala kama gogo. Mifupa iliuma yote, hata ile ambayo sikujua ninayo. Ngozi ya kichwa iliuma nikigusa mto. Bega lilivimba, likawa la moto, ukiweka kiganja unahisi linapumua.

Njoroge ndiye aliyenikuta. Ni Mkenya, tunapanga naye nyumba, anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee kule Inver Grove Heights. Alisimama mlangoni na begi lake la kazini akanipima kwa macho.

"Mzee, ulidungwa ile shot ya wazee jana na leo ukaenda job?"

"Nilienda."

"Hawakukuambia uchukue off?"

"Waliniambia."

"Sasa?"

Akanichemshia chai ya tangawizi akanipa na maji mengi. "Ninyi Watanzania ni wapole sana," akasema. "Mtu anaumwa, mnampa pole, anasema ameshapoa, kesho mnamzika." Nikamwambia anyamaze. Alinyamaza, lakini alikuwa anatabasamu kwenye kikombe.

Nilizima simu nikalala. Hilo ndilo kosa la pili.

Kumbe mke wangu alikuwa amenipigia mara sita. Aliponikosa akampigia Njoroge. Njoroge kwa wema wake wote akamwambia, shemeji, usijali, ana homa na anatetemeka, amelala. Homa. Kutetemeka. Mke wangu akampigia wifi yake, dada yangu Yunisi. Na Yunisi akiambiwa jambo kwa siri huwa analipeleka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili wote tuitunze siri hiyo pamoja.

Jumamosi asubuhi nilipowasha simu ilitetemeka mkononi kwa muda mrefu kuliko mimi mwenyewe.

Yunisi alikuwa ameandika: "Ndugu zangu, kaka yetu wa Marekani amepatwa na mkanda wa jeshi na hali si nzuri. Tusimnyanyapae. Tumwombee." Chini yake mikono ya kuomba, mingi, ukurasa mzima. Shangazi alishauri shubiri, nipake asubuhi na jioni. Mtoto wa baba mdogo, ambaye sijaongea naye tangu niondoke, aliandika kwamba nilikuwa mtu wa watu. Nilikuwa. Baba mdogo mwenyewe alituma ujumbe wa sauti, anakohoa kwanza, kisha anauliza kwa upole sana kama ile hati ya kiwanja iko kwa Mama Tumaini au iko kwangu. Na katibu wa kamati ya harusi ya Tumaini akapendekeza tarehe irudishwe hadi mwezi wa tano, "ili baba wa bibi harusi awahi." Watu wanne walikuwa wameshakubali. Mmoja alisema basi tupunguze vyakula.

Nilicheka. Nakiri nilicheka, mpaka bega likaniuma. Halafu nikaona kwamba mke wangu, ambaye kwa kawaida ndiye anayewanyamazisha, hakuandika neno hata moja.

Nikampigia. Kwao ilikuwa jioni.

"Baba Tumaini. Umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Mama Tumaini, mimi siumwi. Nimechanjwa."

"Umechanjwa."

"Ndiyo. Nisiupate."

"Nani anachanjwa ugonjwa ambao hana?"

"Tumaini alichanjwa surua ana miezi tisa. Alikuwa na surua?"

"Tumaini alikuwa mtoto. Na wazungu nao wanaugua mkanda wa jeshi?"

"Wanaugua. Mtu yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuugua."

"Kwa hiyo marehemu Elisha naye ilikuwa tetekuwanga."

Hapo ndipo nilipokasirika. Nikamwambia miaka sita nimenyanyua mashuka ya watu wenye damu na mavi, sijamjua mwanamke mwingine, na leo ananiuliza maswali ya polisi kwa sababu ya sindano. Nikamwambia kama haniamini basi aungane na Yunisi wanichagulie na sanda. Nikakata simu.

Sijawahi kumkatia simu mke wangu.

Na niliyosema ni kweli. Hapa siandiki kwa jina langu, sina sababu ya kujipamba. Kutamani nimetamani. Mwaka wa pili kulikuwa na mama mmoja kwenye ibada ya Kiswahili, tulikuwa tunarudi basi moja, na najua lingeweza kutokea. Halikutokea. Sehemu ni woga, sehemu ni Mungu, na sehemu kubwa ni uchovu. Mtu anayerudi nyumbani ananuka klorini na kulala na soksi hana nguvu za dhambi. Kwa hiyo sijifanyi mtakatifu. Ila sijamkosea. Na kuulizwa jambo ambalo hukulifanya kunauma kwa namna yake.

Siku nzima jana nilitembea chumbani nikijenga kesi yangu. Homa ilikuwa imeshuka. Nilikuwa na hoja nzuri. Kila nilipofika kwenye jina la Elisha kesi inaanguka.

Elisha alikuwa kaka yangu mkubwa. Alirudi kutoka migodini amevaa shati pana. Mimi na mke wangu tulikuwa na miezi minne ya ndoa, tunaishi kwenye vyumba viwili, tukampa kimoja. Alisema vile vipele ni joto la kitandani. Alisema hivyo kwa wiki kadhaa, kila siku, joto la kitandani, na shati limegandia kwenye vidonda. Mwisho hakuweza kulivua mwenyewe.

Aliyelivua ni mke wangu. Bibi harusi wa miezi minne, na huyo ni shemeji yake. Alililowesha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akalibandua polepole, akamwosha. Alimwosha kila siku mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa nasimama mlangoni. Nilikuwa naleta ndoo mpaka kizingitini, naiweka chini, naondoka. Nilimtengea kikombe. Niliandika alama chini yake kwa msumari ili kisichanganyike. Hakuna aliyenituma. Niliposikia ananiita nilikuwa najifanya naenda dukani.

Sijawahi kuandika hili mahali popote.

Kwa hiyo mke wangu anapoona neno mkanda wa jeshi, haoni uvumi kama Yunisi. Anaona mgongo wa mtu. Anakumbuka na mwanamume aliyemwambia kila asubuhi kwamba ni joto. Na mimi nikaja na usiwe na wasiwasi, kisha nikazima simu, kisha nikamfokea. Ningekuwa natafuta namna ya kufanana na mtu anayeficha, nisingepata nzuri kuliko hiyo.

Leo saa nne asubuhi nikampigia tena. Huko ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nilitaka kuomba radhi, lakini alianza yeye. Inaonekana alikuwa ameyapanga maneno, maana aliyasema bila kupumzika.

"Baba Tumaini, nisikilize usinikatie. Mimi sikukasirikii. Miaka sita ni mingi, na wewe ni mtu. Dawa zipo siku hizi. Mwalimu Ndahani anameza mwaka wa kumi na moja huu, ana nguvu kuliko wewe. Ukianza mapema utamwona mjukuu. Mimi nitakupokea. Nilimwosha Elisha, nitakuosha na wewe. Ila usiniambie ni joto. Hilo tu. Usinifanye nisubiri mpaka shati limeganda."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Anaamini ninao. Anaamini nimelala na mwanamke mwingine, na ameshalipitia hilo peke yake kwa siku mbili, ameshalia huko kwake, na amefika upande wa pili na ndoo ya maji.

Nikamwambia, "Mama Tumaini, sina. Lakini nitapima."

"Usipime kwa ajili ya Yunisi."

"Napima kwa ajili yako. Jumanne nikitoka kazini. Nitawasha video, utaona mwenyewe wanavyonitoboa kidole na utaona kipimo."

"Sijakuomba hivyo."

"Najua hujaniomba."

Kisha akaniuliza kama bega bado linauma. Nikamwambia linauma. Akaniuliza kwa nini nilitoa mkono wa kufanyia kazi. Nikamwambia sijui. Akaguna, ule mguno wake wa puani ambao sijausikia kwa karibu kwa miaka sita, akasema, "Ya pili wape wa kulia." Kwa hiyo ya pili nimeruhusiwa. Itakuwa mwezi wa sita, Ijumaa jioni, na Jumamosi nitachukua mapumziko kama watu wenye akili.

Mchana huu kwenye kundi la ukoo mke wangu ameandika mstari mmoja: "Harusi ni Agosti kama ilivyopangwa. Baba Tumaini amechanjwa tu. Anayetaka kuuliza aniulize mimi." Hakuna aliyeuliza. Amewaandikia hivyo kabla sijapima. Hajui bado, na amesimama mbele yangu.

Ningepaswa kufurahi, na kwa kiasi nimefurahi. Lakini hasira haijaondoka, imebadili tu mtu wa kumkasirikia. Nilidhani kinachopimwa ni uaminifu wangu, na huko sina hofu. Kipimo cha Jumanne nakijua. Kuna kingine ambacho hakuna duka la dawa linalokipima.

Ingekuwa yeye ndiye aliyenitumia picha ile na maneno yale. Ingekuwa yeye ana homa, yeye amezima simu, na mimi ndiye niko Mpwapwa nasubiri. Je, ningevuka kizingiti?

Kwa kaka yangu wa damu sikuvuka. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikitafuta jibu la kumstahili mwanamke huyu, na bado sijalipata.